Askari wa Hatua ya Pili

Haya ni kweli tupu, jamaa zangu. Nikitia chumvi hata punje, nikune nazi za nyumba hii mpaka Ramadhani.

Mwaka 1970 nilikuwa karani bandarini, nakaa Kikwajuni, mjini Unguja. Nilimtaka Sichana wa Mkokotoni. Kaka yake, Mjaka, ndiye msimamizi wake. Akaniletea barua: "Tucheze sataranji kwa posta. Ukinishinda, lete mshenga. Ukishindwa, koma."

Nikaanza kwa pupa. Hatua ya pili tu nikamtoa askari bure, nikamwacha mfalme wangu mlango wazi, ili nishambulie.

Kadi ikarudi baada ya wiki mbili: "Askari nimemla. Mtamu. Unao wengine?"

Hatua moja, wiki mbili. Natoka kazini mgongo hauna hali, nasimama foleni ya mchele, narudi kuukodolea macho ubao. Wiki ya arubaini ikaja kadi: "Farasi wako naye kaliwa. Umechoka?"

Nikavaa kanzu, nikapanda basi la Mkokotoni.

— Mjaka, tuumalize leo. Nshachoka.

— Tuumalize nini? Mie sijui hata farasi anakwendaje.

— Na kadi?

— Mie natia jina tu. Mwanamwali ataandikiana vipi na mwanamme?

Sichana akatoka na ubao kichwani kama sinia.

— Ni weye? Mwaka mzima unanila?

— Umejiacha wazi mwenyewe, Makungu.

— Kama hunitaki, ungesema.

— Nisingekutaka ningekumaliza hatua ya kumi. Nilikuwa natazama utachoka lini.

— Nshachoka, Sichana. Wallahi nshachoka.

— Na umekuja.

— Nimekuja.

Akautua ubao, akakaa, akanitazama, kisha akamlaza mfalme wake kwa kidole kimoja, ndiyo kusalimu amri.

— Kaka, umeshindwa. Ngojea mshenga.

Basi nikamshinda, nikamuoa…

— Ulimshinda nani?

Bi Sichana huyo, yuko nyuma ya kiti changu, miwani puani, anasoma ninayoandika.

— Nilikushinda, Makungu. Hatua iliyofuata ulikuwa huna pa kwenda.

— Lakini ulimlaza mfalme.

— Baada ya weye kulia. Mbele ya kaka yangu! Hayo mbona hukuyaandika?

— Vumbi la basi lile.

— Vumbi?

— …Nililia kidogo.

— Nazi mbili za leo. Mbuzi ya kukunia iko uani, nshakuwekea.

Niwieni radhi, jamaa. Mgongo huu, na Ramadhani bado miezi saba.