Mkwaruzo Usiokwenda kwa Wazee

Soko la mifugo la Garissa lilikuwa limefurika asubuhi ile. Madalali walikuwa wakishikana mikono chini ya shuka ili bei zao zisionekane, na vumbi limetanda hadi kwenye kope za watu, pale pikapu nyeupe iliporudi nyuma na komeo lake la chuma likachora mlango wa gari dogo la buluu, kutoka kitasani hadi karibu na gurudumu.

Ugbad alishuka. Alikuwa mhandisi wa maji, mrefu, amevaa abaya nyeusi na ushungi wa rangi ya zafarani. Gari lile alikuwa amelinunua kwa mshahara wake mwenyewe, baada ya miaka ya kwenda Dadaab akibanana na madereva wa malori ya maji.

Mwenye pikapu naye alishuka, kijana aliyevaa koti la daktari wa mifugo, mikono yake ikinuka dawa ya kupe.

"Niwie radhi, walaal, dada yangu," alisema. "Naitwa Keynan. Macho yangu yalikuwa kwa mbuzi."

"Na mbuzi ndio waliokuwa wakiendesha?"

Watu walicheka. Mzee mmoja akainua fimbo kuwatuliza. "Msigombane. Binti huyu ni wa kina Abdille, kijana ni wa watu wa Ijara. Wazee wataketi wafanye maslaha, na suluhu ikipatikana mambo yataisha."

"Mzee wangu, nakuheshimu," Ugbad alisema. "Lakini adeer Abdille, ndugu ya marehemu baba yangu, hakulinunua gari hili, wala hatalipatanisha. Aliyelikwaruza atalitengeneza kwa mikono yake, nyumbani kwetu, mimi nikimtazama."

"Mimi sijawahi kupaka rangi hata ukuta," Keynan alikiri.

"Utajifunza. Jumamosi, kabla jua halijapanda."

Alikuja, tena na ndoo yake mwenyewe. Hooyo Fartun, mama yake Ugbad, aliweka kigoda kivulini na birika la chai kando, akawa mlinzi wa heshima ya nyumba. Ugbad alikuwa amejisomea kazi yote. Waliosha mlango kwa sabuni, wakaukausha, kisha akapitisha ukucha juu ya mkwaruzo. Ukucha ulikwama. Polishi peke yake isingefaa. Palihitajika msasa laini, rangi ya msingi, rangi yenyewe, na vanishi juu ya vyote.

Keynan alianza kusugua kwa pupa.

"Polepole, na uloweshe msasa," Ugbad alimwambia. "Huyo si ngamia unayemkuna mgongo."

"Ngamia angekwisha kunishukuru."

"Angekwisha kukupiga teke."

Hooyo Fartun aliinamia kikombe chake, mabega yakimtikisika.

Jua la Garissa halina subira. Kabla ya saa nne bati lilikuwa limepata moto, na rangi ikipulizwa juu ya bati la moto hukunjamana. Kwa hiyo kila Jumamosi walifanya kipande kidogo tu, wakaacha. Hakuna aliyelalamika. Jioni zikaanza simu za Keynan.

"Mgonjwa wangu ameshindaje?"

"Mlango unaendelea vizuri, daktari."

"Sikuuliza mlango, macaanto."

Ugbad, aliyezoea kuwakemea wakandarasi hadi wakasahau maneno yao, aliposikia anaitwa mtamu alijikuta akiitabasamia dari kama mwanafunzi.

Walipokwisha kuweka rangi ya msingi, ya kijivu, adeer Abdille alipiga simu.

"Mwanangu, pongezi. Watu wa Ijara walikuja jana. La gari tumelimaliza, na kijana wao amekuposa. Tumekubali yote mawili."

"Nani amekubali, adeer?"

"Sisi."

Alimpigia Keynan papo hapo.

"Ni kweli?"

"Qalbi, baba alisema si vizuri wazee wakutane kwa ajili ya mlango tu. Nikaona tulimalize jambo zima kwa heshima. Nilidhani utafurahi."

"Ningefurahi kuulizwa."

"Lakini unanipenda."

"Nakupenda, na ndiyo maana imeniuma. Jumamosi usije."

Kwa majuma kadhaa Ugbad aliendesha gari lenye mstari wa kijivu ubavuni, mjini na Dadaab, mbele ya kila jicho. Wenzake kazini walimwelekeza kwa mafundi, alikataa. Waliomwuliza aliwajibu kwamba kazi haijaisha. Usiku alilia, lakini mto wake haukumwambia mtu.

Ijumaa moja, baada ya sala, wazee walikutana kwa adeer Abdille kupanga siku ya harusi, Keynan akiwapo. Ugbad aliegesha gari mlangoni, akaingia bila kuitwa.

"Assalamu alaikum, wazee wangu. Mmepanga siku. Dini yetu yenyewe inataka niulizwe, na sikuulizwa. Posa hiyo siitambui. Hata mlango wangu haujapatanishwa."

Baba yake Keynan akamgeukia mwanawe. "Mtulize mchumba wako."

Keynan alisimama. Kanzu yake ilikuwa imepigwa pasi vizuri.

"Baba, si mchumba wangu. Gari nililikwaruza kwa bahati mbaya. Hili la pili nililifanya kwa akili timamu, na hilo ndilo baya zaidi. Naiondoa posa."

Baba yake aliondoka bila kuaga.

Jumamosi Keynan alikuwa langoni na ndoo yake. "Sikuja kuomba kitu," alimwambia Ugbad. "Nimekuja kumaliza kazi."

Alimfungulia. Walifanya kazi pamoja. Ugbad akibandika karatasi pembeni, Keynan akipuliza buluu, tabaka jembamba, wakingoja likauke, kisha jingine. Juma lililofuata ikawa vanishi. Juma jingine Keynan akapiga polishi hadi nyuso zao zikaonekana mlangoni, bega kwa bega.

"Keynan," Ugbad alisema, "nataka tuoane. Unasemaje?"

Hooyo Fartun alipaliwa na chai.

Keynan aliweka kitambaa chini taratibu. "Nasema ndiyo. Nimtafute baba, nimwombe aende tena kwa adeer?"

"Ngoja. Nitatangulia mimi."

Alimkuta adeer Abdille amekaa mkekani kibarazani, akikata papai.

"Adeer, waite watu wa Ijara. Posa imekubaliwa."

Mzee alishusha kisu. "Nani ameikubali?"

"Mimi."

Mzee akasogea, akampisha nafasi kwenye mkeka.