Kikaango cha Kifua cha Orrin

Kikaango kilipumua. Siyo kuchachatika, jamani, mafuta ya nguruwe tunayajua yanavyochachatika. Hiki kilipanda, kikashuka, kama kifua cha mtu aliyelala. Kezia akaruka nyuma na kijiko mkononi. "Haya, mimba hiyo inanichezea," akasema, akacheka peke yake.

Mimba ilikuwa ya miezi sita. Mume, Lysander, wa miezi minane. Huyo Lysander alikuwa binamu wa Orrin, mume wake wa kwanza, aliyekufa Virginia, kwenye vita vya Wamarekani wenyewe kwa wenyewe.

Na kikaango? Kilikuwa bamba la fulana ya chuma! Wakati ule wa vita, wauzaji walipita kila mji wa jimbo lao la Connecticut wakiwauzia askari fulana za kuzuia risasi. Kezia alimnunulia Orrin yake. Muuzaji aliipiga bastola mbele ya kanisa, ikabonyea kidogo chini ya kwapa, watu wakapiga makofi. Orrin akaenda nayo. Ikarudi barua ya kifo.

Lysander, aliyekuwa naye vitani, yeye risasi ya mguu ilimrudisha mzima, na maneno mdomoni: "Shemeji, aliitupa njiani. Nzito, na wenzake wanamcheka. Wengi walizitupa. Mimi niliokota moja ya kukaangia."

Kezia alilia, akamlaani marehemu kwa kuitupa zawadi yake, kisha akaolewa. Mnashangaa nini? Baridi ya kule haimngoji mjane!

Siku ya pili jikoni pakanuka tumbaku na sufu mbichi, harufu ya shingo ya Orrin. Siku ya tatu Kezia akainama, akaona mafuta yote yamekimbilia pembeni, yamejaa kwenye kibonyeo kile kile cha bastola, chini ya kwapa. Akamwita Bibi Mehitabel, jirani anayejua dawa na pepo.

Bibi akaja asubuhi, Lysander yuko mezani anasubiri kula.

"Bibi, taratibu," Kezia akanong'ona. "Atasikia."

"Na asikie! Mlaji hakijui chakula chake?" Akamwaga chumvi kwenye bamba. "Wewe uliyemo, nani kakuudhi?"

Chuma kikapanda, kikashuka, kikapanda tena, na katikati ya mvuke ikatoka sauti nyembamba, sauti ya mtu aliyebanwa pumzi, sauti ambayo Kezia alikuwa ameisikia kwenye mto wake miaka mitatu, ikasema, Lysander kaniambia vua.

Kijiko cha Lysander kikaanguka.

"Walikuwa wanamcheka!" akasema. "Wanamwita kobe! Nikamwambia vua, ndugu yangu, nikubebee tu..."

"Ukaivaa," Kezia akasema.

"Si alikuwa ameshaivua? Ingekaa bure?"

"Miezi minane namtukana mume wangu. Na wewe unanilisha juu ya kifua chake." Akasogea. "Hilo koti ni la Orrin. Vua. Na viatu. Vua."

"Mke wangu, nje theluji."

"Vua!"

Akavua, akatoka na shati na suruali tu, anachechemea. Bibi Mehitabel akafunika bamba kwa kitambaa kibichi; likatulia, likapoa kama chuma chochote.

"Ameondoka," Bibi akasema, akajifuta jasho. "Kaa chini, mwanangu."

Lakini Kezia alikuwa dirishani. Uani Lysander alikuwa ameshavua shati, ameshavua suruali, amesimama kwenye theluji anatetemeka mpaka meno yanagongana, na macho yake yanamtazama mtu aliye karibu naye sana, mtu ambaye Kezia hakumwona.

"Kezia!" akalia. "Mwambie imetosha!"

"Mimi sijasema kitu," Kezia akanong'ona.

Lysander akaitikia kwa kichwa, kama askari mbele ya mkubwa wake. Vidole vikaanza kupapasa kifua kitupu, taratibu, kuanzia kooni, vikitafuta kifungo.

Vikakipata.