Kikwembe cha Kuendeshea Baiskeli

Siku ya Jumapili, mlango wa maman Colombe haufungwi. Nyumba yake iko Nguba, karibu na barabara. Watu wanatoka misa, wanapita kwake. Huyu anataka chai, yule anataka habari. Viti vikiisha, wanapindua ndoo na kukaa juu yake. Wanasema wote pamoja. Maman Colombe anafurahi hivyo.

Chai ikiisha, wanawake wa kikundi wanatoa baiskeli zao nje. Kikundi kinaitwa Tuzungushe Miguu. Wanaendesha baiskeli mpaka Muhumba, kando ya ziwa, kisha wanarudi. Hawabebi mzigo. Ni kwa kujifurahisha na kwa afya. Njiani wanaongea: nani anaoa, nani anajenga, nani amehama bila kuaga.

Lakini maman Colombe alikuwa na sababu nyingine pia.

Mwaka uliopita, mvua ilinyesha, naye akateleza kwenye njia ya mlimani, Kadutu. Paja likavunjika. Alipotoka hospitali, hakuweza hata kusimama peke yake. Dada yake mkubwa, Gisèle, alikuja kumchukua, akampeleka kwake Nyangezi. Gisèle alimwogesha. Alimpikia. Asubuhi na jioni alimpakaa mafuta miguuni, mpaka Colombe akatembea tena.

Siku ya kurudi Bukavu, Colombe alimwambia, akimwita yaya kama anavyoitwa dada mkubwa:

"Yaya, nitakuja kukushukuru. Sitapanda pikipiki. Sitapanda gari. Nitakuja na hii miguu."

Gisèle alicheka sana. "Miguu gani? Hii yenye inatetemeka sawa ya mutoto?"

Rafiki mmoja wa Colombe, maman Merveille, anakaa nyumba ya pili kutoka kwake. Merveille ni kiné: kazi yake hospitalini ni kuwafundisha wagonjwa kutumia tena miguu na mikono yao. Ni yeye aliyemwambia Colombe aanze kupanda baiskeli, polepole. Miezi ikapita, miguu ikapata nguvu. Sasa Colombe aliona wakati umefika. Kikundi chote kilikubali kumsindikiza mpaka Nyangezi.

Maman Yolande, mkubwa wa kikundi, alisimama katikati ya nyumba.

"Tunaenda kushukuru mutu," alisema. "Tutaenda bila uniforme? Batu batasema tumeokotana barabarani!"

Wote walimkubali. Bukavu iko hivyo. Kwenye ndoa, kwenye ubatizo, hata kwenye msiba, watu wa upande mmoja wanavaa kikwembe kimoja, yaani kitenge cha aina moja. Wakachagua kikwembe kizuri, kipya, chenye maua ya njano. Fundi akashona sketi ndefu za kubana mapajani na kuachia chini, blauzi zenye mikono ya kuvimba, na vitambaa vya kichwa.

Jumapili moja kabla ya safari, waliamua kujaribu nguo zao. Wakapanda baiskeli kuelekea Panzi. Watu wa kando ya barabara walipiga makofi. "Ba maman, mumependeza!" Yolande alipunga mkono kama bibi arusi.

Mlima ulipoanza, Colombe hakupunga mkono. Sketi ilimbana mapaja. Alipoivuta juu, ilijikunja kiunoni. Kikwembe kilikuwa kipya na kigumu. Jasho likakilowesha, kikawa kizito, kikashika ngozi. Mshono mnene ulikuwa chini yake, juu ya kiti. Kila alipozungusha mguu, mshono ulimkwaruza.

Na kichwani? Alifunga kitambaa kirefu, kisha akaweka kofia ngumu ya baiskeli juu yake. Kofia ilikaa kama sufuria isiyoenea jiko. Kila shimo la barabara liliishusha mpaka kwenye macho.

Wakaanza kuteremka. Upepo ukapeperusha upindo wa sketi. Mnyororo ukaukamata. Baiskeli ikasimama ghafla, Colombe akaanguka upande wa mguu wake ule ule.

Alilia kabla hata ya kusikia maumivu. Alidhani paja limevunjika tena.

Halikuvunjika. Goti lilichubuka tu. Lakini nyumbani hakuweza kukaa, kwa sababu mshono ulikuwa umemchubua ngozi. Alilala kifudifudi kitandani, akamwita mume wake.

"Mushagalusa, uzisha hii velo. Sitaki kuiona tena."

"Na Nyangezi? Bila baiskeli?" mume aliuliza.

"Yaya atanisamehe. Nitapanda gari sawa batu bote."

Papa Mushagalusa hakubishana naye. Alitoka, akagonga nyumba ya pili. Maman Merveille akaja bado ana mwiko mkononi. Akaukunja mguu wa Colombe, akaunyoosha, akabonyeza paja.

"Mufupa iko salama," alisema. "Lakini nionyeshe zile nguo."

Mushagalusa akaleta sketi. Upindo ulikuwa mweusi kwa grisi, tena umechanika. Merveille akaigeuza ndani, akapitisha kidole kwenye mshono. Akatikisa kichwa.

"Colombe, ulikaa juu ya hii kamba mpaka Panzi? Hata mbuzi angekataa!"

Colombe akacheka kidogo, uso ukiwa ndani ya mto. Wakati huo Yolande akaingia na sahani ya sambaza, samaki wadogo wa ziwa. Alisikia yote.

"Kwa hiyo kikwembe changu ndio imemuangusha?" aliuliza, amenuna.

"Kikwembe haina kosa, maman Yolande," Merveille alijibu. "Ni nguo ya kukaa, ya kucheza, ya kula sherehe. Mulikipatia kazi yenye haiko yake. Kaa kwanza. Tukule hizi sambaza, niwaelezee."

Yolande akakaa. Yeye hakatai mazungumzo.

"Mwendesha baiskeli anaguswa mahali patatu," Merveille alianza. "Kwenye kiti, kwenye mikono, kwenye miguu. Tuanze na kiti. Kuna kaptula ya baiskeli, inabana kidogo, ndani iko na sponji laini. Sponji inazuia ngozi kukwaruzwa. Chini yake usivae nguo nyingine ya ndani, ju mishono yake itakukata. Na ukirudi, unaifua siku ile ile. Jasho inaleta vipele."

"Mimi, mama muzima, na kaptula ya kubana?" Colombe aliinua kichwa. "Padri atanifukuza!"

"Utaivaa ndani. Juu yake vaa trening, suruali nyepesi ya michezo, yenye imebana kwenye kifundo cha mguu. Kama ni pana, ifunge na kamba ya mpira, ama ingiza ndani ya soksi. Mnyororo haitapata kitu ya kukamata."

"Na blauzi?" Yolande aliuliza.

"Shati ya michezo, nyepesi, yenye inakauka haraka. Pamba inakunywa jasho, inabaki na maji. Ukipanda mlima unasikia joto, ukiteremka ukiwa umelowa, unashikwa na baridi. Mubebe pia koti nyepesi ya mvua. Mvua ya kwetu haipigi hodi."

"Viatu?"

"Vya kufunga, na soli ngumu kidogo. Sandali inateleza kwenye pedali. Kamba za viatu zifiche. Kama mikono inakufa ganzi, vaa glovu. Miwani nayo inasaidia kwa vumbi."

Kisha akachukua ile kofia ngumu, akafungua kitambaa cha Colombe.

"Kofia inakaa kwenye kichwa, haikai juu ya mnara. Nywele suka chini, zilale. Weka vidole viwili juu ya nyusi. Kofia inaanzia hapo. Kamba funga chini ya kidevu, ibaki nafasi ya kidole kimoja tu. Sasa tikisa kichwa."

Colombe akatikisa. Kofia haikusogea.

Yolande alikuwa bado na huzuni. "Lakini tutakuwa batu ya namna gani, kila mutu na nguo yake?"

Colombe ndiye aliyemjibu. "Yolande, uniforme inaweza kuwa rangi. Tuvae bote shati ya njano. Sketi tutafumua mishono yake, vikwembe tutabeba kwenye mifuko. Tukifika, kila mutu anafunga chake juu ya trening, tunakula sherehe."

"Na njano, dereva wa lori anaiona mbali," Merveille aliongeza.

Yolande akafikiri. Akachukua sambaza moja. "Njano ya ndizi, siyo njano ya embe," alisema. Hivyo wakajua amekubali.

Siku chache baadaye, ngozi ilipopona, Colombe na Merveille walikwenda soko la Kadutu, kwenye marobota ya nguo zilizovaliwa. Merveille hakuangalia uzuri kwanza. Aligeuza kila kaptula, akabonyeza sponji kuona kama bado inarudi juu. Iliyokufa aliiacha. Alivuta kitambaa kuona kama kinanyooka. Alimvalisha Colombe moja juu ya nguo zake, akamchuchumaza pale pale sokoni, kupima.

"Inakukata fasi yoyote?"

"Hapana."

"Inapanda juu?"

"Hapana. Maman Merveille, batu banatuangalia!"

"Baangalie. Bao ndio bataanguka kesho, siyo weye."

Nyumbani walifua kaptula kwa maji moto na sabuni, wakaianika juani. Mushagalusa akarekebisha kiti. Colombe alikaa juu ya baiskeli, akaweka kisigino kwenye pedali iliyo chini. Mguu ukanyooka vizuri. Merveille akasema urefu huo unatosha. Wakafanya safari fupi kwanza, mpaka Muhumba tu. Colombe alirudi, akakaa kwenye kiti cha mbao, akanywa chai yote.

Asubuhi ya safari, wanawake wote walitoka na mashati ya njano. Kila mmoja alibeba maji. Walipita Panzi, wakaendelea. Kwenye milima, aliyechoka alishuka, akasukuma baiskeli, na wengine wakamngoja. Hakuna aliyemcheka mwenzake. Sketi hazikuwepo, mnyororo ulikuwa huru. Upepo uliingia ndani ya shati, ukakausha jasho.

Colombe alikuwa akishukuru njia nzima, kwa sauti.

"Aksanti Merveille! Aksanti Mushagalusa ju ya hiki kiti! Na weye mutu wa mbali mwenye ulivaa hii kaptula kabla yangu, sikujui, lakini Mungu akubariki!"

"Unapoteza pumzi!" Yolande alipiga kelele nyuma. Lakini yeye mwenyewe alikuwa akiimba.

Walifika Nyangezi jua likiwa juu. Gisèle alikuwa uani, anapepeta maharage. Aliona mashati ya njano, kisha akamwona mdogo wake katikati, ana kofia kichwani, vumbi usoni. Akaweka ungo chini. Akatazama barabarani, nyuma yao.

"Motari wako iko wapi, ule mwenye pikipiki? Mwambie aje, nimupatie hata maji."

"Hakuna motari, yaya."

"Basi nani amekuleta?"

Colombe aliegemeza baiskeli kwenye ukuta. Akasimama mbele ya dada yake, wima, bila kushika kitu.

"Hii miguu," alisema. "Imekuja kukushukuru."

Gisèle alimkaribia. Alipiga magoti kwenye vumbi. Akashika miguu ya mdogo wake kwa mikono miwili, wa kuume na wa kushoto, kama mtu anayesalimia wageni wawili waliotoka mbali.

"Karibuni," aliiambia miguu. "Karibuni kwangu."