Hesabu za Watoto wa Nduku

Mvua za Novemba zilipoanza Kyuso, wafugaji walijaa katika duka la Kasyoka. Mmoja alitaka dawa ya minyoo ya mbuzi, mwingine dawa ya kupe. Kasyoka aliwauzia, akawauliza habari za nyumbani, na jioni akafunga duka. Nyumbani Nzisa alikuwa amebandika muthokoi, mahindi yaliyokobolewa na maharagwe, jikoni. Mdogo wake, Kyule, alikuwa akifungia mbuzi zizini. Baada ya chakula Kasyoka alifungua laptopu na kuandika matumizi ya siku.

Nzisa na Kyule hawakuwa watoto wake wa kuzaa. Walikuwa wa dada yake Nduku, mwalimu, ambaye aliugua na kufariki baada ya kumzika mume wake. Nduku aliacha akiba katika sacco ya walimu. Familia zote mbili zilikaa na kukubaliana hivi: Kasyoka awalee watoto, atunze akiba yao, na kila Desemba aeleze imetumikaje.

Munyao, kaka wa marehemu baba wa watoto, hakuridhika sana na mpango huo. Alikuwa mfanyabiashara wa ng'ombe huko Ikutha. Mwaka huo alipiga simu mapema.

"Shemeji, mimi sina maneno mengi," alisema. "Nasikia duka lako limekua. Hesabu ikikosa kueleweka, watoto watakuja kukaa kwangu. Na pesa yao pia."

"Itaeleweka, shemeji," Kasyoka alijibu.

Hakuwa na hofu. Karo, sare, madaftari, hospitali, vyote alikuwa ameviandika. Lakini vilikuwa mahali pamoja tu, ndani ya laptopu.

Wiki hiyo stima ilipotea, ikarudi kwa nguvu, balbu ikapasuka. Laptopu ilikuwa kwenye chaji. Kasyoka alipoiwasha, ilionyesha mwanga kidogo, kisha ikazima. Aliwasha tena. Ikazima tena. Ndani yake kitu kiligonga, tik, tik, tik. Aliendelea kubonyeza hadi kidole kikamuuma.

Kesho yake aliipeleka kwa fundi mmoja wa simu karibu na soko la mbuzi. Fundi aliisikiliza.

"Hii ni ndogo, mama. Nafuta kila kitu, napiga programu mpya. Itarudi kama imetoka dukani."

"Na hesabu zangu?"

"Hizo zitaenda. Lakini mashine itapona."

"Mashine si kitu," Kasyoka alisema. "Nirudishie."

Jirani wa duka lake alimwelekeza kwa Hodan, binti wa mzee Abukar mwenye lori. Hodan alikuwa amesomea kompyuta Kitui mjini, akafungua duka la ukarabati pale Kyuso. Alipoona laptopu hakuigusa kwanza.

"Umeiwasha mara ngapi tangu iharibike?"

"Nyingi. Nilidhani itashika."

"Usiiwashe tena. Hiyo sauti ya kugonga ni ya diski. Diski ndiyo inayohifadhi kazi zako. Kila ukiwasha inazidi kuumia."

"Kwa hivyo zimepotea?"

"Sijui bado. Mashine ikikataa kuwaka, haimaanishi diski imefutika. Nitaitoa, niiunganishe na kompyuta yangu, nitoe hesabu kabla ya kufanya kitu kingine. Lakini siwezi kukuahidi, mama."

Kasyoka aliketi kwenye kiti cha plastiki, kitenge chake kimekunjwa magotoni. Alikuwa akimwaza Kyule, ambaye hulala na taa ikiwaka tangu mama yake azikwe. Nani angejua hilo huko Ikutha?

Hodan alifungua skrubu, akaitoa diski, akaiunganisha. Kompyuta yake ilikaa kimya kwa muda mrefu.

"Haya, njoo uone."

Hesabu za kuanzia Januari hadi Agosti zilifunguka. Za baadaye zilikuwa alama zisizosomeka.

"Aiya! Na hizi?"

"Hizi zimeharibika. Kuna wataalamu Nairobi wanaoweza kujaribu, lakini ni ghali. Kwanza niambie, karo ulilipa vipi?"

"Kwa simu."

"Basi ushahidi uko. Omba taarifa ya miamala yako ya simu. Sacco nao wakupe taarifa ya akaunti. Shule wana nakala za risiti. Ukusanye hizo, uandike upya."

Kasyoka alizunguka kila mahali. Karani wa shule alimtolea risiti. Hospitali walimpa za kwao. Jioni alikaa mezani na Nzisa, mmoja akisoma, mwingine akiandika kwenye kompyuta waliyoazimwa na Hodan. Karibu kila kitu kilirudi. Vitu vichache alivyolipa kwa pesa mkononi sokoni havikuwa na risiti.

"Tuweke tu kiasi, mama mdogo," Nzisa alisema. "Nani atajua?"

Kasyoka alifikiri kidogo. "Andika: imesahaulika."

Alipomrudishia Hodan kompyuta, Hodan alimfundisha. "Hesabu za muhimu ziwe na nakala tatu. Moja kwenye mashine yako. Ya pili kwenye flashi, na flashi isikae na laptopu, kwa sababu mwizi au moto utachukua zote. Ikae nyumba nyingine kabisa. Ya tatu kwenye hifadhi ya intaneti, na neno la siri ambalo si jina la mtoto."

Kasyoka alicheka, kwa sababu neno lake la siri lilikuwa Kyule.

"Na kila mwezi ufungue nakala uone kama inasomeka. Nakala ambayo hujaifungua, huna hakika nayo."

Desemba familia zilikutana. Munyao alivaa miwani, akasoma kurasa moja moja. Watoto walisimama mlangoni. Mwishowe aliweka kidole kwenye karatasi.

"Hapa umeandika imesahaulika. Pesa ya mayatima inasahaulikaje?"

"Kompyuta iliharibika, shemeji. Hizi nyingine nimezitafuta kwa risiti. Hizo chache sikupata. Ningeweza kuweka nambari yoyote, lakini ingekuwa uwongo."

Munyao alivua miwani.

"Ninanunua ng'ombe tangu ujana," alisema. "Muuzaji akiniambia mnyama wake hana kasoro hata moja, namwacha. Ukinionyesha kasoro, tunaongea." Akawatazama watoto. "Watakaa hapa."

Kyule alikimbilia nje kwa furaha. Kasyoka alifuta macho kwa ncha ya kitenge, kisha akatoa flashi mkobani.

"Shemeji, nakala moja inahitaji nyumba iliyo mbali na yangu. Ninaomba ikae Ikutha kwako."

Munyao aliigeuza mkononi, kitu kidogo kama punje ya hindi. Aliuliza inafunguliwa vipi kwenye kompyuta yake ya biashara. Nzisa akamweleza mara mbili.

Mwezi wa tano laptopu ilikuwa bado kwa Hodan ikisubiri diski mpya aliyoagiza, na intaneti ilikuwa imekatika Kyuso. Shule ilidai uthibitisho kwamba karo ya mwaka uliopita ililipwa. Kasyoka alipiga simu Ikutha.

"Subiri nivae miwani," Munyao alisema. Baada ya muda akarudi. "Nimeiona, shemeji. Andika nikusomee."