Balbu ya Nne

Kutoka nyumbani kwao Machame hadi shuleni, Aikaeli huteremka kwa dakika ishirini. Kurudi ni dakika hamsini, maana njia yote ni mlima, na mwezi wa Julai ukungu unakaa kwenye migomba tangu asubuhi kama mgeni asiyejua kuaga. Alhamisi hiyo alifika uani viatu vizito kwa matope. Bibi Anaeli alikuwa barazani anachambua maharage, mguu mmoja ameunyoosha juu ya kigoda.

“Shikamoo, Bibi.”

“Marahaba. Umechoka?”

“Nimechoka.”

“Pole. Vifaranga hawana maji. Ukimaliza hapo, zile taa za baba yako mdogo, maana mimi zimenishinda.”

Nyumba ile kila mtu alikuwa na uchovu wake. Mama alifanya usafi hospitali huko mjini Moshi na alipanda nyumbani Jumamosi tu, akifika analala na kitambaa kichwani. Bibi nyonga ilikuwa imemchosha kabisa. Mwezi wa nne waliuza ng'ombe wote wawili kwa sababu hakuweza tena kukata majani, na tangu siku hiyo alikaa barazani mikono imelala mapajani, jambo ambalo hakuna mtu aliyewahi kuliona. Wiki iliyopita ndipo alipoagiza vifaranga hamsini kwa mtu mmoja wa Sanya Juu anayeitwa Sirili. Walikuja kwa bodaboda kwenye boksi lenye matundu, na mikono ya Bibi ikaamka.

“Hii ndiyo kazi niliyobaki nayo,” aliwaambia wajukuu zake. “Hawa wakifa, na mimi mniweke kwenye boksi.”

Zile taa nazo zilikuwa na hadithi yake. Baba mdogo Elisaria, fundi wa umeme wa nyumba za wageni mjini, alikuwa ameleta balbu nne zinazobadilika rangi kwa kuamrishwa na simu. Akafunga na kile kidude cha intaneti ukutani, akamwachia Aikaeli simu ya zamani ya Mama yenye kioo cha nyufa, akasema, “Wewe ndiye fundi,” na kuondoka mbio.

Kumbe kuifundisha balbu imjue bwana wake ni kazi. Unawasha, unazima, mara tatu, mpaka ianze kupepesa. Halafu unaitafuta kwenye simu, unaandika nywila, unasubiri. Ya sebuleni ilikubali Jumatatu. Ya barazani Jumanne. Ya chumbani kwa Bibi ilikubali Jumatano, baada ya kukataa mara saba, kwa sababu kila ilipokaribia kukubali, Bibi alipita na kuizima ukutani.

“Bibi, ukizimia ukutani simu haiioni.”

“Kwa nini simu iione? Mimi naiona.”

“Swichi inatakiwa ikae imewashwa muda wote, halafu taa tunaizima kwenye simu.”

“Imewashwa huku imezimwa.” Bibi alifikiri kidogo. “Mjukuu wangu, mita ya LUKU haina masihara hayo.”

Calvin, kaka yake Aikaeli wa kidato cha pili, yeye hakufundisha balbu hata moja. Kazi yake ilikuwa kusubiri Bibi akae kwenye taarifa ya habari, kisha anageuza sebule yote kuwa ya kijani.

“Calvin, nimekuwa kenge.”

“Umependeza, Bibi.”

Sasa Alhamisi hiyo ilibaki balbu moja tu kwenye boksi, ya jikoni. Aikaeli alitaka amalize vifaranga haraka, aifunge, alale. Banda la vifaranga lilikuwa nyuma ya nyumba: mduara wa hadibodi, maranda chini, na juu yake ile balbu kubwa nyekundu ya joto inayoning'inia kwa waya. Bibi alishasema mara kumi kwamba chombo cha maji kinatolewa nje na kujazwa nje. Lakini kukitoa ni kuinama mara mbili, na mgongo wa Aikaeli ulikuwa umeshainama vya kutosha siku ile. Alimimina kwa jagi, palepale chini ya taa. Maji yaligonga ukingo wa chombo, yakaruka.

Balbu ikalia tah. Vioo vikamwagika kwenye maranda, vifaranga wakatawanyika, na wekundu wote ukatoka bandani, ukabaki ukungu wa kijivu.

Aikaeli alisimama na jagi lake. Kisha akaanza kuokota vioo kimoja kimoja, akavifunga kwenye karatasi ya daftari na kuvisukumia chini kabisa ya shimo la taka. Balbu kama ile inauzwa mjini, si dukani kwa jirani. Halafu akaikumbuka ile ya nne. Kitako chake ni cha kuzungusha, na cha balbu ya Bibi kilikuwa cha kuzungusha.

Ajabu ya taa zile, siku hiyo ilikubali mara ya kwanza. Simu ikauliza jina, akaandika “Vifaranga”. Akaburuta kidole kwenye duara la rangi mpaka kwenye nyekundu, mwangaza akaupandisha mpaka mwisho. Ilikuwa nyekundu ileile, tena safi zaidi.

“Mbona kimya huko?” Bibi aliita. “Taa inawaka?”

“Inawaka, Bibi.”

Na huo haukuwa uongo, ndiyo maana ulitoka mdomoni kirahisi.

Haikupita nusu saa, Calvin akamfuata jikoni. Alikuwa ameichukua ile simu na kubonyeza taa zote ziwe za bluu kwa pamoja, akaona bluu ikitoka hadi kwenye mianya ya banda.

“Aika, mbona kuku wako disko?”

Ikabidi amweleze. Calvin alirudisha nyekundu upesi, akacheka, kisha akashusha sauti. “We kausha tu. Nyekundu ni nyekundu. Baba mdogo akija Jumapili unamwambia kimyakimya alete nyingine. Nani atajua?”

“Na balbu ya jikoni?”

“Sema imegoma. Si wewe ndiye fundi?”

Saa kumi na mbili jioni, manyunyu yakaanza na vifaranga wakaanza kulia. Haikuwa ile porojo yao ya siku zote. Ilikuwa kilio kimoja chembamba kisichovuta pumzi. Bibi aliinua kichwa.

“Wana nini hao?”

“Labda njaa,” Aikaeli alisema, akaenda. Aliwakuta wamelundikana chini ya taa, wanakanyagana, kila mmoja anataka kuingia katikati. Akatoa simu. Mwangaza ulikuwa tayari umefika mwisho. Akajaribu rangi ya chungwa, ile ya moto kabisa, akangoja, akarudisha nyekundu. Vifaranga hawakuona tofauti.

Bibi alijikokota na fimbo yake hadi mlangoni. Akatazama juu, akaiona nyekundu, akaridhika na taa. Akaingiza mkono chini ya lundo na kutoa wawili waliolegea. Hawakuwa hai.

“Sirili ameniuzia wagonjwa,” alisema. Hakupandisha sauti. Alirudi barazani, akakaa, akapiga simu yake ya vitufe kwa spika, maana masikio nayo yalikuwa yameanza kuchoka.

“Sirili, umenipa kuku wagonjwa.”

“Shikamoo, mama.”

“Marahaba. Umenipa kuku wagonjwa.”

“Mama, siku ile niligawa kwa watu sita, mmoja mchungaji. Hakuna mwingine aliyelalamika.”

“Basi wabaya umenichagulia mimi. Umeona huyu bibi ana mguu mmoja, atanifuata wapi.”

Sirili alishusha pumzi. Na yeye alisikika kama mtu aliyesimama tangu alfajiri. “Mama, wamelundikana?”

“Wamelundikana.”

“Hiyo ni baridi.”

“Taa inawaka. Nimeiona kwa macho yangu.”

“Usiiangalie kwa macho. Mtu aweke kiganja chini yake, usawa wa migongo ya vifaranga, ahesabu mpaka kumi.”

“Aikaeli,” Bibi alisema, “umesikia. Nenda.”

Akaenda. Akanyoosha kiganja juu ya lundo la manyoya. Moja, mbili, tatu. Alipofika saba alikuwa anasikia upepo wa kwenye mianya tu. Akainua mkono mpaka ukaigusa balbu. Ilikuwa vuguvugu, kama kikombe cha chai kilichosahaulika mezani.

Hadi dakika ile Aikaeli aliamini kwa moyo wake wote kwamba nyekundu ndiyo joto. Sasa akaelewa. Kwenye balbu ya Bibi wekundu ulikuwa nguo tu. Joto lilikuwa kitu kingine, na kitu hicho kilikuwa shimoni kwenye karatasi ya daftari.

Kurudi barazani zilikuwa hatua kumi na mbili. Angeweza kusema ni ya moto, na Sirili angekuwa tapeli mpaka Jumapili. Calvin, mlangoni pa jikoni, alimtikisia kichwa kidogo: usiseme. Bibi alikuwa ameiweka simu kigodani, mikono imelala tena mapajani.

“Ina joto?”

“Haina. Na si taa yako, Bibi. Yako niliipasua saa kumi. Nilijazia maji ndani. Hiyo ni ile ya jikoni.”

Manyunyu yaligonga bati. Kwenye kigoda simu ikasema, “Mama, upo?”

“Nipo. Sirili, nimekusema bure. Nitakupigia.”

Aikaeli alisubiri kugombezwa. Bibi alimtazama tu, kama mtu aliyefika nyumbani akaambiwa arudi tena bondeni. Kisha akashika fimbo.

“Calvin, washa mkaa, tena nje, mpaka moshi uishe. Aikaeli, lete kile chungu kikubwa cha maharage na matofali matatu. Na dirisha la juu la banda lifunguliwe, hewa ya mkaa inaua kuku na watu.”

Kabla umeme haujapanda mlimani, Bibi alikuwa analea vifaranga kwa chungu. Mkaa uliokolea ukaingia chunguni, kikafunikwa na bati lenye matundu, kikakalishwa juu ya matofali katikati ya mduara. Vifaranga walioanza kulegea Bibi aliwafunga kwenye khanga, kifuani. Wote watatu walikaa juu ya ndoo zilizopinduliwa, wananuka mkaa. Taratibu kilio kikapungua. Akatoka mmoja kwenye lundo, akasimama mwenyewe. Akafuata mwingine. Ilipofika saa mbili walikuwa wametapakaa kuzunguka chungu, mmoja anamdonoa mwenzake kidole.

Waliwahesabu. Arobaini na sita. Wanne walikuwa juu ya jani la mgomba.

Bibi akapiga simu tena, lakini safari hii alimpa Aikaeli. Aikaeli alieleza yote kwa Sirili, akaomba radhi, akasikiliza.

“Amesemaje?”

“Amesema asante. Amesema tangu umpigie alikuwa anazunguka mabanda yake na tochi, anatafuta alipokosea.”

“Unaona,” Bibi alisema.

“Bibi, hutanigombeza?”

“Nimechoka kugombeza.” Alimtoa kifaranga mmoja kwenye khanga, akamweka chini, akamtazama akitembea. “Sikiliza, na wewe Calvin sikiliza. Balbu kupasuka si neno. Mimi nimepasua vingi kabla hamjazaliwa. Lakini ungeniambia saa kumi, mkaa ungewaka saa kumi, na hawa wangekuwa hamsini. Mtu akijua kuna baridi, anatafuta moto. Ukimdanganya kwamba moto upo, anakaa tu, anamlaumu mtu wa Sanya Juu. Hapo ndipo uliponikosea.”

“Nimeelewa, Bibi. Nisamehe.”

“Nimekusamehe. Wale wanne mtawazika asubuhi kwenye migomba.” Alijiinua kwa fimbo, akasimama kidogo mpaka nyonga ikubali. “Sasa kaleni, mlale. Calvin ataongeza mkaa saa sita, wewe saa tisa. Na msiniulize mimi wala simu kama kuna joto. Mtaweka mkono.”