Zege Lililokataa Kukauka

Pale Kigwa, Nurdini huwauzia asali abiria wa treni. Chupa zikivunjika, huzirundika nyuma ya nyumba. Mkewe, Siwema, alikwisha kuchoka kuwatoa watoto vipande vya chupa miguuni.

Siku moja Nurdini alisikia redioni kuwa chupa zilizosagwa hutiwa kwenye zege. Basi, hakuuliza mtu. Ndivyo alivyo. Akaziponda, akazichanganya kwenye zege la choo kipya, akalimwaga juu ya fito zilizofunika shimo.

Siku tano zikapita. Siwema hakutulia. Alipika akichungulia chooni, akafua akichungulia chooni. Choo cha zamani kilikuwa kimetitia, na mama mkwe wake, Bi Masika, haoni vizuri.

"Baba Jihan, mbona zege bado bichi?" alimuuliza mumewe.

"Litakauka. Una haraka gani?"

Siku ya sita, Bi Masika alijiendea chooni mwenyewe. Siwema akauona mkongojo wake unazama kwenye zege. Alikimbia, akamvuta kwa kanga, wakaanguka wote wawili. Siwema alilia kwa hofu na hasira. Kisha akaenda kumwita Koleta, jirani yao, fundi mwashi.

Koleta alichokoa zege kwa msumari. Akatoa kipande cha chupa, akakinusa.

"Shemeji, chupa hizi uliziosha?"

"Za nini kuosha? Asali haiozi," alisema Nurdini. "Nilidhani itaongeza nguvu."

"Asali ni sukari. Sukari huizuia saruji kushika. Tena vipande vikubwa hivi vikipata unyevu, zege huja kupasuka. Ungemzika mama akiwa hai."

Nurdini aliona aibu, akaenda kuchukua nyundo.

Walilivunja zege lote. Koleta akawaonyesha. Waliosha chupa kwa maji moto na sabuni, wakabandua karatasi zake. Wakafunika pua na macho, wakavaa glavu, wakaziponda ndani ya pipa. Kinu cha chakula hawakukigusa. Wakachekecha mpaka wakapata unga laini. Katika kila ndoo tano za mchanga, waliondoa moja, wakatia ndoo ya unga huo. Wakapanga nondo, wakamwaga zege, wakalinyunyizia maji kila siku.

Siwema alilizungushia miiba. Kila asubuhi aligonga kwa jiwe, akasikiliza.

Wiki ya nne Koleta alisema limekomaa. Siwema akakataa.

"Mama hapandi mpaka mwanawe apande."

Nurdini alipanda. Akaruka mara moja, mara mbili, mara tatu. Zege halikutikisika. Siwema akashusha pumzi, akaondoa miiba.

"Haya, shuka, baba," alisema Bi Masika. "Mwenzio nimebanwa."