Mchumba Wangu Aliinyamazisha Kengele ya Guyo

Nina miaka ishirini na minne, na kwa wiki nzima sikupata usingizi kwa ajili ya swali moja. Kwa nini kengele ya Guyo ilinyamaza kila siku baada ya chakula cha mchana?

Nilikuwa nimetoka chuo kikuu, nikaajiriwa katika shule ndogo ya vijana wenye otizimu hapa Isiolo. Guyo, kijana wa kijiji cha Biliqo, hasemi. Mama yake alimfunga kiunoni kengele ya mti, ile ya ngamia, ili akitangatanga asipotee.

Labda amelala, niliwaza. Labda ameketi tu kivulini... Labda ni wasiwasi wangu wa kawaida! Mutuma, naibu wa mwalimu mkuu, alinicheka. "Wewe msomi, hata kengele inakunyima usingizi?" Mutuma alikuwa mchumba wangu. Harusi yetu ilikuwa Desemba.

Ijumaa kengele ikanyamaza tena. Nikakimbilia stoo ya kuni, ulikotokea mlio wake wa mwisho.

Wasomaji, niliyoyaona! Mutuma alikuwa amemkanyaga Guyo shingoni, akimcharaza kwa mpira wa maji. Damu ilimtoka sikioni. Mkono wake ulikuwa umepinda vibaya. Na ndani ya kengele kulikuwa kumeshindiliwa kitambaa... kitambaa cha mkono nilichomshonea Mutuma maua kwa mikono yangu!

Nilipiga mayowe, nikakichomoa. Alinizaba kofi, nikaangukia kuni, jino likang'oka, damu ikakidondokea kitambaa mkononi mwangu.

"Hawa wanasikia kiboko tu," alisema akihema. "Ukifungua mdomo, sahau harusi."

Mama Guyo alifika Jumatatu kwa lori la ng'ombe. Mwalimu mkuu akamwambia kijana alianguka mtini.

"Salaam aleikum, binti yangu," mama akanigeukia. "Wewe ulikuwa hapa. Hii kijana yangu hajawahi panda mti. Alianguka kweli?"

Mutuma alinitazama, akatabasamu. Nikamfikiria mama yangu, kanisa, majirani... Ningewaambia nini? Nani angenioa tena? Kisha Guyo, bendeji mkononi, akaliona tabasamu la Mutuma, akajikojolea.

"Hakuanguka, mama," nikasema. "Alipigwa na huyu!"

Dada zangu, roho ikikusumbua, hata mwanamume wako akikucheka, usiibembeleze inyamaze. Mimi niliibembeleza wiki nzima, na Guyo ndiye aliyevunjwa mkono.

Tulitoka watatu kwenda kituo cha polisi, Guyo mbele, kengele ikilia njia nzima. Nikaweka kile kitambaa chenye damu juu ya meza ya askari. Kisha nikavua pete ya uchumba, nikaiweka juu yake.